Silikanti tulimkuta hai. Je, samaki wa deraya naye yupo?

*Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sayansi shule ya msingi hapa Tanga, na marehemu baba yangu alikuwa mvuvi. Darasani tulikuwa tukizungumza habari za silikanti, nikawaonyesha watoto video kwenye simu kuhusu samaki wa kale aitwaye Dunkleosteus. Video inasema alikuwa na urefu wa mita 10, kichwa chake kilifunikwa na mifupa migumu, hakuwa na meno, alikuwa babu wa papa, na hao papa ndio waliommaliza. Mtoto mmoja akaniuliza: "Mwalimu, silikanti walidhani amekwisha kumbe yupo. Huyu naye si anaweza kuwa yupo?" Nikakosa jibu. Mwingine akauliza taya zilitoka wapi, hilo nalo likanishinda. Tena kuna jambo la nyumbani. Mdogo wangu ameokota jiwe bapa kwenye machimbo ya chokaa, kubwa kama kiganja, lina nukta nukta upande mmoja. Anasema ni ganda la samaki huyo. Kuna mtu anataka kulinunua, na mdogo wangu ameona mahali kwamba visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, hulowekwa kwenye siki ili mfupa utoke. Nimemzuia hadi nipate jibu lako. Tufanyeje?*

Marahaba, mwalimu, na ahsante sana kwa kumzuia mdogo wako. Siki isiguse jiwe hilo. Nitalieleza mwishoni kwa urefu, lakini nimelitanguliza ili kama unataka kumpigia simu, umpigie sasa hivi.

Nikikuelewa, kinachokusumbua ni kwamba umewaonyesha watoto kitu ambacho huna hakika nacho, na sasa wanakudai. Usijilaumu. Katika mambo matano yaliyosemwa na ile video, moja ni kweli kabisa, moja ni nusu kweli, na matatu yamepitwa na wakati. Maswali ya watoto wako yana akili kuliko video yenyewe, na nitayajibu kwa uzito unaostahili.

Lililo kweli kabisa ni la mifupa ya kichwani. Dunkleosteus ni mmoja tu katika kundi kubwa la samaki waitwao plakodemu, jina lenye asili ya Kigiriki ambalo maana yake ni ngozi ya mabamba. Mimi na wanafunzi wangu huwaita samaki wa deraya, maana ndivyo walivyokuwa: kichwa na kifua vimefunikwa na mabamba ya mfupa yaliyoungana, mfano wa askari wa zamani aliyevaa deraya, na kutoka hapo kwenda mkiani mwili ni laini, wengine wakiwa na magamba madogo na wengine ngozi tupu. Wa mwanzo tunaowajua vizuri walipatikana Chongqing, kusini mwa China, katika miamba yenye umri wa miaka milioni 436. Mmoja wao, Xiushanosteus, alikuwa na urefu wa sentimita 3 tu, saizi ya dagaa. Wa mwisho walitoweka miaka milioni 359 iliyopita. Ili watoto wapate picha, waambie dinosaria wa Tendaguru kule Lindi waliishi kama miaka milioni 150 iliyopita. Dinosaria hao walipokuwa wakitembea, samaki wa deraya walikuwa wamekwisha kuondoka duniani zaidi ya miaka milioni 200 nyuma.

Na wasidhani wote walikuwa majitu. Aliyeenea kuliko wote ni Bothriolepis, samaki ambaye wengi wa jamii yake hawakuzidi sana urefu wa rula ya darasani. Alikuwa kama kijisanduku chenye mkia. Mapezi yake mawili ya mbele yalifunikwa na mfupa na yalikuwa na kiungo katikati, ukiyaona utadhani miguu ya kaa. Spishi zake zinazojulikana ni zaidi ya 100, na mabaki yake yako karibu kila bara, Antaktika ikiwemo.

Sasa tuje kwenye zile mita 10. Mwaka 1867, kwenye kingo za Ziwa Erie katika jimbo la Ohio, Marekani, Jay Terrell aliokota mabamba makubwa ya mifupa yaliyokuwa yakitoka kwenye mwamba mweusi wa tope gumu. Ndiyo maana samaki huyo anaitwa Dunkleosteus terrelli. Sehemu ya kwanza ya jina ni heshima kwa David Dunkle, aliyekuwa mtaalamu wa visukuku katika makumbusho ya Cleveland. Tatizo ni kwamba kilichobaki ni deraya. Uti wa mgongo wake ulikuwa wa gegedu, kitu laini kama kilichomo sikioni mwetu, na gegedu huoza. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 100 watu walikuwa na kichwa na kifua, mwili wakaubuni wenyewe. Wengine walimpa mita 6, wengine 9, wengine 10.

Hapa baba yako, Mungu amrehemu, angetusaidia. Mvuvi akionyeshwa kichwa peke yake hakisii urefu kabla ya kujua ni kichwa cha nani. Kichwa kinene cha jodari kina mwili mfupi, mnene, uliojaa. Kichwa cha mkunga chenye upana uleule kinaburuta mwili mrefu kama kamba. Waliotangulia walichukua upana wa mdomo wa Dunkleosteus na kumlinganisha na papa, wakati mdomo wake ulikuwa mpana kupita kiasi kwa mwili wake. Mwaka 2023 mtafiti Russell Engelman alitumia kipimo kingine: umbali kutoka kwenye jicho hadi mwisho wa kichwa, ambao kwa samaki wengi, wa zamani na wa leo, huenda sambamba na urefu wa mwili. Akapata kama mita 3.4 kwa samaki mzima wa kawaida, na kama mita 4 kwa mkubwa kabisa. Mimi nakubaliana naye. Alikuwa mnene kama jodari, mzito, na bado ni samaki ambaye mtu asingetamani kukutana naye majini.

Meno nayo ni nusu kweli. Dunkleosteus hakuwa na meno kama ya papa. Alikuwa na mabamba ya mfupa yenye makali, juu na chini, yaliyokuwa yakisuguana kila mdomo ulipofungwa, hivyo yakijinoa yenyewe kama visu viwili vinavyonolewa kimoja kwa kingine. Ukienda sokoni mwangalie pono mdomoni: anaonekana ana mdomo wa kasuku, kumbe ni meno mengi yaliyoungana. Kwa Dunkleosteus mdomo unafanana kwa kazi, ila ule si meno yaliyoungana, ni mfupa wa taya wenyewe uliochongoka. Watafiti Philip Anderson na Mark Westneat waliujenga upya mdomo huo kwenye kompyuta, na mwaka 2007 wakatoa hesabu zao. Uliweza kufunguka kwa muda wa sehemu moja ya 50 ya sekunde, na ulibana kwa nguvu ya niutoni 4,400 kwenye ncha na zaidi ya 5,300 nyuma kwenye makali. Kwa lugha ya mizani, ncha peke yake ni kama kuwekewa kilo 450. Kufunguka kwa haraka kuna maana yake. Mdomo ukipanuka ghafla, maji yanakimbilia ndani na kumvuta kitoweo. Chewa hufanya hivyo hadi leo, na mvuvi aliyeona chewa akimeza samaki mdogo anajua kwamba macho hayawahi kuona kilichotokea.

Lakini kusema plakodemu wote hawakuwa na meno ni kosa. Mabaki yaliyopigwa miale mikali ya eksirei yameonyesha meno halisi kwa baadhi yao, yaliyopangwa safu, na mwaka 2020 yalielezwa mengine kutoka miamba ya karibu na Prague. Kukosa meno ni mtindo wa Dunkleosteus na jamaa zake wa karibu.

Sasa swali la taya. Mwambie huyo mtoto kwamba ameuliza swali ambalo watu wamelifanyia kazi maisha yao yote.

Samaki wa kwanza hawakuwa na taya. Mdomo wao ulikuwa tundu. Walifyonza tope, walichuja vijidudu, wengine walikwangua. Hadi leo wapo wachache wa namna hiyo, kama lamprei, ambaye mdomo wake ni duara la kunyonyea. Asiye na taya hawezi kuuma, hawezi kukamata kinachokimbia, hawezi kupasua kigumu. Kisha katika samaki wenye taya wa mwanzo kabisa, samaki wa deraya wakiwemo, tundu likawa mlango wenye bawaba.

Fanya hivi darasani. Nunua kichwa cha chewa au changu mkubwa, kichemshe kidogo hadi nyama ianze kuachia, kisha fungua kifuniko cha shavu. Utakutana na matamvua, yale mekundu ambayo sokoni tunayaita mashavu. Yaondoe taratibu kwa maji. Chini yake kuna matao ya mifupa, moja nyuma ya jingine, kushoto na kulia. Shika tao moja. Lina kipande cha juu na kipande cha chini, na katikati limekunjika kama kiwiko, kiwiko hicho kikielekea nyuma. Sasa sogeza jicho mbele hadi kwenye mdomo: kuna kipande cha juu, kuna kipande cha chini, na kiungo kiko nyuma. Waache watoto waseme wenyewe wanachokiona kabla hujasema lolote.

Wanachokiona ndicho alichokiona Carl Gegenbaur, mwanaanatomia wa Ujerumani wa karne ya 19: taya inafanana na tao la matamvua lililo mbele kabisa. Na viinitete vinaunga mkono. Katika kiinitete cha samaki, cha kuku na cha binadamu, kooni hutokea safu ya matao madogo. Lile la kwanza huwa taya kwa wote hao. Yaliyo nyuma yake kwa samaki huwa matamvua, kwetu sisi huwa sehemu za koo na za sikio. Kwamba taya hujengwa kutoka tao la kwanza, hilo halina ubishi. Ubishi ni kama tao hilo liliwahi kubeba matamvua ya kuvutia hewa, kwa kuwa hakuna kisukuku kilichopatikana chenye taya iliyo nusu tamvua. Ukiwaeleza watoto, yatenganishe mambo haya mawili. Watoto wanaweza kabisa kubeba "hili tunalijua, hili bado tunalitafuta".

Kwa nini tao likawa taya? Maelezo ninayoyaona yana nguvu ni ya pumzi. Samaki anayesukuma maji kwa nguvu kupita kwenye matamvua anapata hewa zaidi. Tao la mbele likiwa kubwa na lenye misuli, linafunga na kufungua mlango wa maji vizuri zaidi. Mlango unaofunga kwa nguvu ukikuta kitu katikati, unakibana. Kilichoanza kama pampu kikawa koleo.

Na hapa ndipo video yako ilipokosea zaidi, iliposema hao ni babu wa papa. Kwa muda mrefu hata sisi tulifundishwa hivyo: samaki wa deraya ni tawi la kando, papa ni wa zamani na duni kwa kuwa ana gegedu badala ya mfupa, halafu wakaja samaki wa mifupa, halafu sisi. Mwaka 2013 Zhu Min na wenzake walimtangaza samaki mdogo kutoka Qujing, mkoa wa Yunnan nchini China, wakamwita Entelognathus. Umri wake ni zaidi ya miaka milioni 419. Mwili wake ni wa plakodemu kabisa, na kifua chake kimefunikwa na mabamba. Lakini ukingoni mwa mdomo ana mifupa ileile mitatu waliyo nayo samaki wa mifupa na tuliyo nayo sisi, ukiwemo ule wa taya ya chini. Mwambie yule mtoto ashike kidevu chake. Mfupa anaougusa, mmoja wa mifano yake ya kale kabisa tunayoijua umo katika uso wa samaki yule mwenye deraya.

Kisha mwaka 2020 wakaja Martin Brazeau na wenzake na kichwa cha samaki wa deraya kutoka Mongolia, Minjinia, mwenye umri wa kama miaka milioni 410. Ndani ya fuvu lake mlikuwa na mfupa wa aina ya sifongo, aina ambayo tulidhani ni ya samaki wa mifupa peke yao. Maana yake ni kwamba mababu wa papa huenda walikuwa na mfupa, papa wakauacha. Gegedu la papa si ishara ya ukale wala uduni. Ni mwili mwepesi uliofanyiwa marekebisho.

Kwa hiyo plakodemu si ukoo mmoja uliofungiwa upande wake. Wengi wetu sasa tunawaona kama hatua kadhaa kwenye shina moja: kuna waliokuwa mbali na sisi, na kuna waliokaribia mahali ambapo njia ya papa na njia ya samaki wa mifupa, ambayo ndiyo njia yetu, zilipoachana. Dunkleosteus hakuacha mtoto. Lakini mmoja wa jamaa zake wadogo, tusiyemjua jina, ni mzee wetu sote: wewe, mimi, papa, changu na kunguru wa dirishani kwako. Hilo ndilo linalonifanya niwapende samaki hawa. Video zinawageuza majini ya kutisha, wakati ukiwachungulia mdomoni unaona nyumba ya familia.

Naongeza jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu mtoto wa mvuvi atalielewa haraka. Baba yako bila shaka alishapasua papa jike akakuta vitoto hai tumboni. Samaki wa deraya walifanya hivyo kabla. Kaskazini-magharibi mwa Australia kuna eneo linaloitwa Gogo, ambalo miaka milioni 380 iliyopita lilikuwa mwamba wa bahari. Mabaki yake yamo ndani ya mawe ya chokaa ya mviringo, na hayakubanwa wala kupondwa. Mwaka 2008 John Long na wenzake walitangaza samaki mmoja mwenye kijusi tumboni, na uzi wa kitovu bado umeungana naye. Walimwita Materpiscis, yaani samaki mama. Mwaka 2022 Kate Trinajstic na wenzake walionyesha moyo kutoka mawe hayohayo ya Gogo, umepinda kama herufi S, una vyumba viwili na uko chini ya matamvua, na pia ini kubwa. Ini kubwa humsaidia samaki asizame. Ndilo lileile ini ambalo kwa papa wazee wetu walilikamua mafuta yaitwayo sifa, ya kupaka majahazi.

Haya, silikanti. Hoja ya mwanafunzi wako ni nzuri sana na haipaswi kujibiwa kwa "haiwezekani" kavu. Visukuku vya silikanti vinakoma mwishoni mwa enzi ya dinosaria, karibu miaka milioni 66 iliyopita. Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, akamkuta mmoja katika samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Baadaye akapatikana Malindi mwaka 2001, na kuanzia 2003 akawa anaingia kwenye nyavu za Tanzania, hadi Tanga ikapata hifadhi ya bahari yenye jina lake. Kwa hiyo ndiyo, samaki anaweza kukosekana kwenye miamba muda mrefu na bado akawepo.

Tofauti iko wapi? Kwanza, pengo. La silikanti ni miaka milioni 66, la plakodemu ni milioni 359. Pili, na hili ndilo zito, ni namna wanavyohifadhika. Silikanti wa leo ni wachache, wanaishi mapangoni kwenye miteremko ya bahari kuu, mahali ambapo mabaki yake ni nadra kufika kwenye miamba tunayoweza kuichimba nchi kavu. Samaki wa deraya alikuwa na mabamba mazito ya mfupa, kitu kinachodumu kuliko karibu chochote kwenye mwili wa samaki, na aliishi baharini, mitoni na maziwani. Katika miamba ya kipindi cha Devoni, yaani kati ya miaka milioni 419 na 359 iliyopita, mabamba yake ni mengi kiasi kwamba sehemu nyingine ndiyo kisukuku cha kwanza unachokiokota. Ukipanda tabaka moja juu ya mpaka ule wa milioni 359, hayapo. Si China, si Marekani, si Moroko, si Afrika Kusini. Miamba ya baadaye ina meno ya papa kwa maelfu, ina magamba ya samaki wa mifupa, lakini haina bamba hata moja. Mnyama aliyekuwa akiacha alama kila mahali akiacha ghafla kuacha alama popote, ameondoka.

Kuna mahali pamoja ambapo wawili hao wanakutana, nami nakuomba uwasimulie watoto. Nje kidogo ya mji wa Makhanda, Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, ujenzi wa barabara ulikata kilima na kufichua tope jeusi lililogeuka mwamba. Panaitwa Waterloo Farm. Palikuwa mlango wa mto, maji ya chumvi na ya mto yakichanganyika, miaka milioni 360 iliyopita, wakati sehemu hiyo ya Afrika ikiwa ndani ya ukanda wa ncha ya kusini. Rob Gess ametumia miaka mingi akipasua mwamba ule karatasi kwa karatasi. Ndani yake wamo samaki wa deraya, Bothriolepis africana na Groenlandaspis. Na ndani yake wamo silikanti wadogo, Serenichthys, vitoto vya urefu wa sentimita chache tu vilivyokuwa vikilelewa kwenye maji yaleyale. Waliogelea pamoja. Muda mfupi baadaye, kwa hesabu za mawe, ukoo mmoja ulivuka na mwingine haukuvuka.

Je, papa ndio waliowamaliza? Hakuna dalili hiyo. Papa waliishi nao mamilioni ya miaka bila kuwashinda. Kilichotokea ni mapigo mawili makubwa, la kwanza kama miaka milioni 372 iliyopita, la pili lile la 359. Alama yake kwenye mwamba ni tope jeusi, na tope huwa jeusi chini ya maji yaliyokosa hewa, kwa kuwa kinachozama hakiozi chote. Mwamba wa Cleveland wenyewe alimokutwa Dunkleosteus ni wa namna hiyo. Maelezo yenye wafuasi wengi yanaanza nchi kavu: miti ya kwanza yenye mizizi mirefu ilivunja mawe na kutengeneza udongo, rutuba ikateremka baharini, mwani ukafumka, ukaoza, ukala hewa ya majini. Wavuvi wa Ziwa Viktoria wanaijua sura ya jambo hili, maji ya kijani leo, samaki wanaoelea kesho. Baridi na barafu zilichangia pia kwenye pigo la mwisho. Wapo wanaotaja miale iliyopenya baada ya tabaka la ozoni kuharibika. Hoja hiyo inachunguzwa, na mimi bado siiwekei uzito mkubwa. Papa walikuta nyumba tupu wakahamia.

Sasa jiwe la mdogo wako. Nitasema wazi ingawa linaweza kumvunja moyo: si ganda la plakodemu. Chokaa ya Tanga, ile ya mapango ya Amboni, ni ya kipindi cha Jurasi, zaidi ya miaka milioni 150 baada ya samaki hao kutoweka. Ile ya ufukweni ni ya matumbawe na ni changa zaidi, nyingi ina umri wa maelfu ya miaka, si mamilioni. Samaki ambaye kabila lake lote lilikwisha kufa hawezi kujizika akiwa mzima kwenye mwamba uliofanyika baadaye.

Hiyo haina maana kwamba si kitu. Angalia ukingo uliovunjika, juani, kwa lenzi ya mkono. Kama kila nukta inaendelea ndani ya jiwe kama kijibomba, hilo ni tumbawe la kale, na ndilo ninalolikisia. Kama nukta ziko juu tu kama vipele, na ukingoni unaona tabaka gumu, kisha sehemu yenye matundu kama sifongo, kisha tabaka gumu tena, hapo kuna uwezekano wa mfupa, pengine wa ganda la kasa au wa mtambaazi wa bahari ya Jurasi. Ukiona hivyo, jiwe linahitaji mtu wa kulishika mkononi. Mimi kwa picha sitaweza kulimaliza.

Kuhusu siki, mdogo wako hakudanganywa kabisa. Mawe ya Gogo kweli hulowekwa katika asidi ileile iliyomo kwenye siki, iliyopunguzwa makali. Asidi hula chokaa na kuuacha mfupa, ambao ni wa fosfati. Lakini kazi hiyo huchukua wiki hata miezi: jiwe linalowekwa kidogo, linatolewa, linaoshwa kwa maji muda mrefu, linakaushwa, kila sehemu ya mfupa iliyotokeza inapakwa gundi maalumu, ndipo linarudishwa. Mtu akikosea hatua ya kuosha, chumvi hutuna ndani ya mfupa na kuupasua baada ya kukauka. Na kama ni tumbawe, lenyewe ni chokaa: siki italila lote na utabaki na maji machafu kwenye beseni.

Kuuza, hapana. Mabaki ya kale Tanzania yanalindwa na sheria, na mnunuzi wa barabarani hataandika kamwe lilitoka wapi. Lifungeni kwenye gazeti kavu, msilipake mafuta, msilisugue kwa brashi ya waya. Mdogo wako aandike leo, kabla hajasahau, ni machimbo gani, upande gani wa ukuta, kimo gani kutoka chini, na kama lilikuwa limeshikwa na mwamba au limelala kwenye kifusi. Asirudi kuchimba zaidi chini ya ukuta wa machimbo peke yake, maana kuta hizo huporomoka. Kisha mlipeleke Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, au kwa wataalamu wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kabla ya safari, nitumie picha tatu: upande wa nukta, upande wa nyuma, na huo ukingo uliovunjika, ukiwa umeweka sarafu ya shilingi 200 kando. Nikiona ile sifongo nitakuambia muanze safari. Nikiona vijibomba, muokoe nauli na mliweke jiwe kwenye meza ya darasa, karibu na kichwa cha chewa.